Maji ya Mzee Chilambo

Kama umeona baka mwilini mwako, ukalitazama, kisha ukavuta kanga ukalifunika, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi langu nililifunika miezi saba. Lilikuwa nyuma ya mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mtu hajioni mpaka ajipinde. Nikajiambia ni choa. Nikalipaka ndimu, ndimu haikuwasha hata kidogo, nami nikafurahi kwamba haiwashi. Mtu mzima, muuguzi wa kuvaa gauni jeupe, nafurahia ndimu isiyowasha!

Leo dawa nimemaliza. Ugonjwa wangu ulikuwa ukoma. Nalitaja jina lake mapema ili tusizungukane. Jinsi unavyoingia na unavyotembea mwilini sitaeleza, wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Nitakueleza yaliyonipata mikononi, na yaliyompata mzee mmoja kwa ajili ya mikono hiyo, na jinsi nilivyongoja mwaka mzima na zaidi nijue kama nitaruhusiwa kumwogesha mtu tena. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Wengine hutaka uzuri wao urudi, au waume zao. Mimi nilitaka nirudishiwe kazi yangu.

Nilikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee iliyokuwa nje ya mji, Barabara ya Pugu, kabla hujafika Gongo la Mboto. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu, na tuliambiwa kwamba mzee asiye na mtu ni mzee wa taifa zima. Wengi wa wazee wetu walikuwa watu wa kusini walioletwa zamani kukata mkonge. Walikata mpaka nguvu zikaisha, na walipoinua macho kutazama kwao, hapakuwa na mtu wa kumwandikia. Walikaa barazani mchana kutwa, wakasinzia, wakaamka, wakaendelea na mazungumzo waliyoyaacha juzi. Ukikaa nao siku nyingi, nawe unaanza kwenda kwa mwendo wao. Saa zinalegea. Unasikia jina la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa, ukitoka hapo unamjua vizuri kuliko jirani yako.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuogesha. Maji yalichemshwa kwenye pipa uani. Tuliyachota kwa ndoo, tukayachanganya na ya baridi, tukayapima kwa mkono, kisha tukammwagia mzee kwa kopo la maziwa ya unga huku amekaa kwenye kigoda. Ndivyo tulivyofundishwa: mzee anapimiwa maji kama anavyopimiwa mtoto mchanga. Wenzangu walipima kwa vidole. Mimi nilizamisha ubavu wa mkono wa kulia, upande wa kidole kidogo, nikatulia, nikajua. Nilijivunia mkono ule, sifichi. Wazee walikuwa wakiulizana asubuhi kama Mwajuma yupo, na nikiwepo kigoda changu kiligombewa.

Aliyeyapenda maji yangu kuliko wote alikuwa Mzee Chilambo. Mrefu, mkavu, masikio makubwa, ulimi wa pilipili. Ukimpa shikamoo aliitikia marahaba kama mtu anayekufanyia hisani. Lakini ukimmwagia maji ya vuguvugu mgongoni, alifumba macho akaondoka zake. Aliongea na watu wasiokuwepo, akavuka mito, akacheka mambo ya huko. Mimi namsugua, namsikiliza, nami nakwenda naye kidogo. Mara nyingine ndoo iliisha nisijue imeishaje.

Kumbe mkono nao ulikuwa unaondoka. Ulianza kwa kidole kidogo, kikalala. Halafu kile cha jirani yake. Hapakuwa na maumivu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapokuhadaa, maana sote tumezoea kwamba kibaya huuma. Vikombe vilinidondoka. Niliweza kukaa mezani nikautazama mkono wangu uko pale juu ya meza kana kwamba kuna mtu kausahau. Nilidhani ni uchovu. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa kule bara, tulikuwa tunapanga foleni ya unga wa njano tangu alfajiri, na nani hakuwa amechoka?

Masika ilipofika ilifika kwa hasira. Asubuhi moja mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani, wazee wanatetemeka kwenye mashuka, kila mmoja anataka aoge maji ya moto. Bafuni mvuke ulijaa, na ndani ya mvuke Mzee Chilambo amekaa kwenye kigoda, anangoja. Nikazamisha mkono kwenye ndoo. Nikatulia. Vuguvugu. Nikachota kopo la kwanza nikammwagia begani.

"Moto!" alipiga kelele. "Moto, binti!"

Asiyefanya kazi na wazee hajui: kelele hizo tulizisikia kila siku. Maji ya vuguvugu anasema barafu. Uji ulioupika mwenyewe anasema una mchanga. Tulizoea kujibu kwa upole na kuendelea. Halafu mimi nilikuwa nimekwisha kupima, na mkono wangu haukuwahi kukosea.

"Vumilia baba, inaisha," nikasema, nikammwagia kopo la pili.

Mara ile hakupiga kelele. Aligeuka akanitazama, kinywa wazi, bila sauti. Sikumwona akinitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi kweli.

Mkubwa wetu, Sista Tabitha, alikuja mbio, akatumbukiza kidole kwenye ndoo, akakichomoa.

"Mwajuma! Maji haya si yametoka motoni sasa hivi?"

"Mbona vuguvugu, Sista?" Nikatumbukiza mkono tena, mbele ya macho yake, nikauacha humo.

Aliukamata akauvuta nje kwa nguvu. Tukasimama tunautazama wote wawili, umekuwa mwekundu, unatoa mvuke. Nyuma yetu Mzee Chilambo alikuwa anaanza kulia polepole, kama mtu anayejifunza.

Jioni, nyumbani kwangu Temeke, malengelenge yalijipanga kwenye ubavu wa mkono, makubwa, yanang'aa. Nilikaa kitandani nikayabonyeza moja moja. Sikusikia kitu. Nilibonyeza kwa nguvu zaidi, nikiyaomba yaume. Wakati ule mgongo wa mzee wa watu ulikuwa unawaka moto kule Barabara ya Pugu, na mkono uliomchoma ulikuwa umelala usingizi wake mtamu. Nililia kwa aibu. Hofu ilikuja baadaye.

Sista Tabitha alilijua baka langu mara tu aliponipandisha mkono wa gauni. Hakunikemea. Aliandika barua, akaniambia nivuke Kigamboni, kuna zahanati ya watu wa ganzi.

"Sista, nitarudi lini?"

"Kapone kwanza."

"Nitarudi kuogesha?"

Alikunja barua mara nyingi kuliko ilivyohitaji. "Mwajuma, kapone kwanza."

Pantoni ya Magogoni inavuka maji kwa dakika chache tu, lakini siku ile nilihisi tumekwenda mbali sana. Zahanati ilikuwa na baraza ndefu na benchi moja. Kila aliyekaa pale alitazama miguu ya mwenzake, kisha akatazama ukuta. Nami nikatazama ukuta. Mama mmoja mnene, mwenye kanga mpya na vidole viwili tu mkono wa kushoto, alinisukuma kwa bega.

"We dada, mgeni?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Usitazame chini. Hapa kila mtu anatazama miguu. Nitazame usoni, mie mzuri."

Na kweli alikuwa mzuri. Aliitwa Mama Anjela, mtu wa Newala, aliuza mkaa Keko, na alikuwa na miaka mingi katika benchi lile. Yeye ndiye aliyenifundisha ambayo hayakuwa katika karatasi ya daktari: nishike sufuria kwa kitambaa kila siku hata kama sufuria haina moto, nisivae kiatu kabla ya kukikung'uta, na jioni nikae kwenye mwanga niitazame mikono na miguu yangu pande zote. "Ngozi ikinyamaza, macho yafanye kazi ya vidole," alisema. Alisema pia kwamba yeye alivipoteza vyake kwa ubishi, siyo kwa ugonjwa.

Daktari, Ndugu Haule, alikuwa kijana mpole mwenye viatu vyenye mchanga. Alichukua pamba kidogo akaifikicha ikawa kama unywele.

"Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Nikafumba. Nikasikia bahari kwa mbali, mtu anatwanga, mbuzi. Nikangoja. Ukingoja sana kuguswa, ngozi inaanza kujitungia yenyewe. Nikaonyesha kiganja. Nikaonyesha kiwiko. Nikaonyesha kidole kidogo, nina hakika kabisa.

"Fumbua," alisema. Hakucheka. "Ulipoonyesha sikukugusa. Nilipokugusa, hukuonyesha."

Alinipa vidonge, akaniambia nitavimeza miaka, siyo miezi. Akaniambia kwa aina ya ukoma wangu siwezi kumwambukiza mtu. Nikamuuliza lile langu: nitaogesha wazee tena?

"Mwezi ujao tutaona."

Hivyo nikaanza kuhesabu muda kwa pamba. Pamba ya mwezi wa kwanza, pamba ya mwezi wa pili. Kila mara nafumba macho, nasikia bahari, nangoja.

Nyumbani mume wangu, Rajabu, alilipokea jina la ugonjwa akiwa amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu, aende zamu ya kiwandani. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Tusimwambie Mama," alisema.

Lakini mama yake, Bi Kidawa, tulikaa naye nyumba moja, na mtu aliyezaa watoto saba hafichwi kitu na mkwewe. Kesho yake nilikuta bakuli langu limetengwa, limetundikwa kwenye msumari wake peke yake uani. Keshokutwa binti yetu Shani, ambaye hata miaka mitano hajatimiza, alivalishwa gauni la sikukuu akapelekwa Vingunguti, karibu na machinjio, kwa shangazi yake.

"Mama, daktari kasema siambukizi," nilimwambia Bi Kidawa.

"Daktari wako anakula hapa?"

Nilimgeukia Rajabu. Akainama kutafuta viatu vyake, na nilimchukia kwa hilo. Alilala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukuta, akijifanya amechoka. Majirani walimfuata balozi wetu wa nyumba kumi wakamuuliza kama mtu wa namna yangu anaruhusiwa kuteka maji bomba moja na wenzake. Balozi, Mungu amrehemu, aliwajibu kwamba bomba ni la umma na mimi ni umma. Lakini niliposogea bombani, ndoo zao zilihama.

Kipupwe kile nilikuwa na siri moja, nayo ilinishikilia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kila asubuhi, watu wa nyumbani wakiwa wametoka, nilichanganya maji kwenye karai na kuufundisha mkono wa kushoto kupima: haya ya moto, haya ya baridi, haya ya mgongo wa mzee, haya ya miguu iliyovimba. Ulikuwa mzito wa kuelewa, kama mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, lakini ulijifunza. Nilijiona nimesimama bafuni, Mzee Chilambo kwenye kigoda, mkono wa kushoto ndani ya ndoo. Niliota hivyo mchana macho yakiwa wazi.

Sista Tabitha alinitembelea mara moja tu. Hakuingia ndani, kwa sababu ya Bi Kidawa. Aliniambia mgongo wa mzee umepona, umebaki na kovu begani.

"Ananisema?"

"Hasemi kitu. Na haogi."

"Haogi vipi?"

"Hataki mtu amguse na maji. Tunampangusa kwa kitambaa akiwa amelala. Akiamka anatukana."

Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya malengelenge. Nilikuwa nimemharibia kitu alichokuwa nacho kimoja.

Vuli ikaja na homa. Usiogope nikikwambia hili, maana huenda lisikupate, ila likikupata ukimbie zahanati siku hiyohiyo. Mwili uligeuka dhidi ya ugonjwa na ukapigana nao ndani ya mishipa yangu ya fahamu. Viwiko viliwaka. Baka likavimba. Nililazwa ng'ambo, wiki moja ikazaa nyingine, mikono yote miwili imefungwa kwenye vibao. Katika homa nilikaa barazani na wazee. Walikuwa wengi kuliko walivyokuwa kweli, baraza limenyooka mpaka baharini, na kila mmoja alishika kopo tupu mapajani. Nilipita nikiwapa shikamoo mmoja mmoja, na hakuna aliyeitikia, siyo kwa ubaya, walikuwa tu wanasikiliza mvua. Sikuogopa. Nilitaka nikae nao, nisitoke tena.

Nilitoka. Homa ilipoondoka, vibao vikafunguliwa, Ndugu Haule akachukua pamba.

Nikafumba macho. Safari hii nilikuwa nimeifundisha ngozi yangu isinidanganye, nikatulia kabisa. Nilisikia mguso kwenye bega. Nikaonyesha. Kwenye kiwiko cha kushoto, nadhani. Halafu nikangoja, nikangoja, mpaka nikajua kwamba yuko viganjani, anagusa na kugusa, kulia na kushoto, na mimi sipo.

"Niambie ukweli, daktari."

"Nguvu zitarudi," alisema. "Utashika, utasugua, utakunja vidole ukivifanyia mazoezi. Lakini moto na baridi mikono yako haitakuambia tena. Yote miwili."

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa na Mama Anjela kwenye benchi. Alinipa nusu ya mkate wake, akaniambia nitafune. Pantoni ikaja ikaondoka bila sisi.

Sasa nakuja kwa Bi Kidawa, maana sitaki umwache pale kwenye bakuli. Kaskazi ilipoanza kuvuma, daktari aliagiza kila jioni nilowanishe mikono kwenye maji ya vuguvugu, kisha nipake mafuta ya nazi. Ya vuguvugu! Na nani angenipimia? Rajabu yuko zamu. Nikakaa uani na beseni mbele yangu, nimeshindwa, nacheka peke yangu kama kichaa. Bi Kidawa alikuwa anachambua mchele. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasimama, akaja, akageuza uso pembeni, akachovya kidole kimoja kwenye beseni, haraka, kama anaiba.

"Yanafaa," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake alichovya vidole viwili. Wiki ilipoisha alikuwa anazamisha mkono mzima. Mwezi ulipoisha alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, mikono yangu ndani ya yake chini ya maji, anavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja huku ananisimulia ngoma za ujana wake, na nani alimpenda kabla ya baba yake Rajabu. Mimi sisikii maji, nasikia sauti yake tu, jua linashuka nyuma ya banda la kuku. Jioni hizo zilikuwa kama usingizi. Bakuli lilirudi kabatini, sijui siku gani. Na Shani, Bi Kidawa alikwenda kumchukua mwenyewe kule Vingunguti, akasema mtoto atakulia machinjioni aanze kuwafokea watu kama wachinja ng'ombe. Rajabu alipoona mama yake kavuka, naye akavuka. Sikumsamehe siku hiyohiyo, lakini nilimsamehe.

Jioni moja Bi Kidawa alisahau. Alinimiminia maji mikononi akaniuliza, "Yakoje?"

Tukatazamana. Kisha tukacheka mpaka akashika mbavu. Lakini usiku ule kabla sijalala, neno lile lilinirudia. Yakoje. Mimi ambaye ngozi yangu haijui kitu, nimeulizwa. Mzee Chilambo ngozi yake ilikuwa nzima, inajua kila kitu, na miaka yote ile hakuna aliyemuuliza. Alipojisemea mwenyewe, nikamwambia avumilie.

Masika ya pili ilipoanza nilirudi kazini. Sista Tabitha alinikumbatia mbele ya watu, nikajua amefanya makusudi ili waone. Kisha akanipeleka stoo ya mashuka.

"Utakunja mashuka, utawasomea wazee gazeti, utawaandikia barua," alisema.

"Na kuogesha?"

"Mwajuma, utapimia nini?"

"Nitapima kwa shavu."

Akacheka, nami nikacheka, halafu akanikabidhi shuka la kwanza. Alikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ndiye Sista, ningefanya vilevile. Nikaingia stoo nikakunja mashuka kwa mikono isiyojua kama ni pamba au gunia.

Mzee Chilambo alikuwa kitandani kwake, amepungua, masikio yamezidi kuwa makubwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Kovu lake lilichungulia kwenye shingo ya shati.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

"Ulinimwagia mara mbili," alisema.

"Ndiyo baba."

"Ya kwanza nilikwambia moto. Hukusikia?"

Ningeweza kumwambia habari za ugonjwa. Nilikuwa nimezibeba zote, miezi kumi na mitatu, na ni za kweli. Lakini ugonjwa ulihusika na kopo la kwanza tu.

"Nilisikia, baba. Sikukuamini."

Alivuta shuka mpaka kifuani. Nje mvua ilikuwa inajaribu kuanza.

"Mkono wako wanasema umekufa," alisema mwishowe.

"Yote miwili. Inashika, lakini haijui moto wala baridi."

"Lete nione."

Akaichukua mikono yangu, akaigeuza, akaibonyeza kwa vidole vyake vya mkata mkonge vilivyojaa sugu. Sikusikia kitu, niliona tu. Alitazama vidole vyangu viwili vya mwisho vilivyojikunja. Kisha akanirudishia mikono, akageukia ukuta.

"Marahaba," alisema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa stoo niliposikia kelele bafuni. Mzee Chilambo alikuwa amejikokota mwenyewe mpaka kwenye kigoda, ameketi na shuka lake kiunoni, na muuguzi mpya hajui la kufanya, maana kila akiinua kopo anatukanwa. Anataka Mwajuma. Walikuja kuniita nikasema siwezi, Sista kanikataza. Wakarudi wakasema mzee kasema hatoki pale mpaka masika iishe.

Nikaenda. Sista Tabitha alikuwa amefika kabla yangu, amesimama mlangoni.

"Mzee wangu," alikuwa anamwambia kwa upole, "huyu siwezi kukupa. Hana hisia mikononi."

"Mie ninazo," alisema Mzee Chilambo.

Akainama, polepole, mfupa kwa mfupa, akauzamisha mkono wake kwenye ndoo. Sote tukangoja. Hakuwa na haraka. Aliyakoroga maji huku kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza habari, na mimi nilikuwa sijui nisimame wapi.

"Ongeza ya baridi," aliniambia.

Nikaongeza.

"Tena."

Nikaongeza tena.

"Basi. Hayo ndiyo yangu."

Nilichota. Mikono ilishika. Maji yakapita juu ya kovu, yakashuka mgongoni, na mzee akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka uliopita. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, sikuwa na mkono wa kuyafutia. Nilimsugua mabega, nikamsugua shingo, akaniambia nisugue vizuri, mkono umekufa lakini nisijifanye nami nimekufa.

Sista Tabitha alibaki mlangoni kwa muda. Kisha alivua saa yake, akakunja mikono ya gauni, akachukua ndoo nyingine akaenda kigoda cha pili, ambako mzee mwenye zamu ya kuoga alikuwa amekaa, anangoja kumwagiwa kama alivyozoea. Nilimwona Sista akichuchumaa.

"Na wewe, baba," alimwambia, "unayataka yakoje?"